Kumsaidia Msomi Mkimbizi Aliyezeeka: Mwongozo kwa Kamati na Vikundi vya Hisani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida, awe mwanachama wa jumuiya ya wahitimu, mzee wa kanisa, mjumbe wa kamati ya msikiti au jirani tu, ambaye amegundua kwamba karibu naye anaishi mtu aliyewahi kufundisha, kutafiti au kuandika vitabu katika nchi nyingine, akakimbia mateso, na sasa amezeeka ugenini bila pensheni na bila wenzake wa kazi. Kwa neno «msomi mkimbizi» hapa anakusudiwa mtu yeyote aliyeishi kwa kazi ya elimu na akalazimika kuihama nchi yake kwa sababu ya kabila lake, dini yake, msimamo wake wa kisiasa au maandishi yake, kwa hiyo mwalimu wa sekondari na mfasiri wamo sawasawa na profesa.

Kwa nini msaada huu una utaratibu wake

Misaada mingi kwa wakimbizi imejengwa juu ya dhana kwamba mkimbizi ni kijana anayehitaji kazi na kwamba ukimbizi wenyewe ni wa muda, ilhali msomi mzee hana umri wa kuajiriwa wala, mara nyingi, nchi ya kurudi. Pengo hili si jipya. Mwezi Aprili 1933 serikali ya Kinazi nchini Ujerumani ilipitisha sheria iliyowafukuza kazini watumishi wa umma wenye asili ya Kiyahudi pamoja na wapinzani wake, wakiwamo mamia ya wahadhiri, na mwezi uliofuata William Beveridge na wenzake nchini Uingereza wakaanzisha Academic Assistance Council, baraza la kuwatafutia wasomi hao posho na nafasi za kazi, ambalo mrithi wake leo anaitwa Cara. Mjini New York nako iliundwa kamati ya dharura ambayo, hadi ilipofungwa mwaka 1945, ilikuwa imepokea maombi yapatayo 6,000 na kuwasaidia wasomi 335. Kamati hizo ziliokoa maisha ya watu, na heshima yake haifutiki. Lakini zilitegemea vyuo vilivyokuwa tayari kuajiri, na vyuo viliogopa kumchukua mtu aliyekaribia kustaafu.

Mwanahisabati Felix Hausdorff wa Bonn alikuwa na umri wa miaka 70 alipoomba, mwaka 1939, msaada wa Richard Courant aliyekuwa New York ili apate nafasi ya utafiti Marekani. Nafasi haikupatikana, na Januari 1942, yeye, mkewe na shemeji yake walijiua walipoarifiwa kwamba wangehamishiwa kwenye kituo cha kuwakusanyia Wayahudi. Hata aliyefika salama hakuwa ameukwepa uzee. Mwanafizikia Max Born, aliyefukuzwa Göttingen mwaka 1933 na kupata uprofesa Edinburgh mwaka 1936, alistaafu mwaka 1953 akiwa na pensheni ndogo kwa sababu miaka yake ya utumishi Uskoti ilikuwa michache, na kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imemrudishia haki zake za pensheni, alihamia mji mdogo wa Bad Pyrmont, uamuzi ambao rafiki yake Albert Einstein hakuupenda hata kidogo. Mwaka uliofuata Born alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Hesabu ya miaka ya utumishi ndiyo iliyoamua mshindi wa Nobel aishi wapi uzeeni, na hesabu hiyohiyo ndiyo inayowabana wasomi wakimbizi wa leo.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwalenga hasa Wahutu waliosoma, yaani walimu, wanafunzi na watumishi wa serikali, na walionusurika wakakimbilia Tanzania, Rwanda na Zaire. Mwaka huohuo utawala wa Idi Amin nchini Uganda ulianza kuwatawanya wasomi wa Chuo Kikuu cha Makerere, baadhi yao wakapokelewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mahmood Mamdani. Mwaka 1982 Kenya ilimpoteza Micere Githae Mugo, mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye alinyang'anywa uraia, akapewa uraia na Zimbabwe, akafundisha huko na hatimaye Syracuse nchini Marekani, akafariki mwaka 2023. Aliyekuwa mwalimu wa miaka 30 Bujumbura au Kampala mwaka 1972 sasa amevuka miaka 80. Watu hao wapo Tabora na Katavi, Nairobi na Kampala, London na Toronto, na wengi wao hawajulikani kwa majirani kuwa waliwahi kuandika kitu.

Kutokana na historia hiyo, mwongozo huu unashikilia msimamo mmoja: kinachomfaa msomi mzee ni msaada mdogo, wa uhakika na wa muda mrefu, unaotanguliza haki zake mwenyewe kabla ya sadaka, na unaomchukulia kuwa mtu ambaye kazi yake haijaisha. Harambee kubwa ya siku moja, hata ikichangisha fedha nyingi, haifanyi hata moja kati ya mambo hayo.

Hatua ya kwanza: kusikiliza kabla ya kuchangisha

Kamati isianze kwa kukusanya fedha. Ianze kwa watu wawili, si zaidi, kumtembelea mzee kwa miadi na kumsikiliza, kwa sababu mtu aliyehojiwa na polisi wa usalama, kisha maofisa wa mpakani, kisha wasajili wa kambi, amechoka kuulizwa maswali na watu wanaoshika kalamu. Ziara ya kwanza iwe ya kujuana tu. Maswali yaje katika ziara ya pili au ya tatu.

1. Aulizwe anapenda kuitwaje. Wengine wanataka cheo chao cha «Profesa» au «Mwalimu», ambacho hawajakisikia kwa miaka. Wengine wameficha cheo hicho kwa makusudi kwa sababu za usalama.
2. Aulizwe anaogopa nini, na ni nani asiyepaswa kujua mahali anapoishi. Swali hili litangulie swali lolote kuhusu fedha.
3. Aulizwe ni mambo gani ameshayaomba, wapi, na alijibiwa nini, ili kamati isirudie njia iliyokwisha kufungwa.
4. Aulizwe alikuwa akifanya kazi gani alipokimbia, na je, kuna kilichobaki ambacho angetaka kukimaliza.
5. Ridhaa yake iandikwe kwa lugha anayoisoma vizuri, ikieleza kamati itafanya nini, nani atajua habari zake, na kwamba anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote.

Akihitajika mkalimani, achaguliwe kwa uangalifu mkubwa, maana jamii za wakimbizi zinabeba migawanyiko ileile iliyowakimbiza: mtu wa lugha moja na mzee anaweza kuwa wa chama au ukoo uliomtesa. Jina la mkalimani litajwe kwa mzee kabla hajafika, na mzee apewe nafasi ya kumkataa bila kutoa sababu.

KISANDUKU: ISHARA ZA KUMBUKUMBU ZA MATESO
Waliohudumia manusura wa mauaji ya Wayahudi katika uzee wao walijifunza kwamba kumbukumbu zilizotulia kwa miongo mingi huweza kurudi kwa nguvu uzeeni, hasa mtu anapostaafu, anapofiwa au anapopata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Foleni, sare, bafu la pamoja, mlango unaofungwa kwa nje, au mtu wa hospitali anayetoa amri kwa sauti kubwa vinaweza kumrudisha mzee gerezani au mpakani. Kwa hiyo:
– Piga simu kabla ya kufika. Usigonge mlango ghafla wala usiku.
– Mwombe muuguzi aeleze kila kitendo kabla ya kukifanya.
– Usimpange mzee kwenye foleni mbele ya kamera ili apokee chakula.
– Akianza kurudia lugha yake ya utotoni na kuisahau ya ugenini, mtafute mtu anayeijua lugha hiyo, usimsahihishe.

Hatua ya pili: macho, masikio, kisha mengine

Bajeti za vikundi vya hisani huanza na unga, mchele na mafuta. Kwa msomi mzee, kitu cha kwanza kiwe uwezo wa kusoma, kwa sababu anayepoteza macho amepoteza kazi, burudani na heshima yake kwa mpigo mmoja, na kwa sababu sehemu kubwa ya upofu wa wazee inatokana na mtoto wa jicho, yaani ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji mfupi. Kamati imfikishe kliniki ya macho mwezi wa kwanza. Miwani ya kusomea inayolingana na kipimo chake, taa ya mezani yenye mwanga mkali unaotokea nyuma ya bega, na simu au kompyuta iliyokuzwa herufi ni vitu vya gharama ndogo vinavyobadili siku nzima ya mtu. Baada ya macho yapimwe masikio, maana mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo na watu hudhani amechanganyikiwa.

Baada ya hapo bajeti ya mwezi ipangwe pamoja na mzee mwenyewe, kwa mpangilio huu: kodi ya nyumba, dawa za kila siku, hasa za shinikizo la damu na kisukari, chakula, nauli ya kliniki, bando la intaneti na karatasi, na akiba ya dharura. Bando na karatasi visikatwe hata fedha zikipungua. Mjumbe anayeviona kuwa anasa akumbushwe kwamba bila hivyo mzee hawezi kusoma barua pepe ya mwanafunzi wake wa zamani wala kumjibu.

Hatua ya tatu: haki kabla ya hisani

Kosa kubwa kuliko yote ni kuchangisha fedha za kumpa mzee kile ambacho tayari ni chake kwa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu Hadhi ya Wakimbizi, katika Ibara ya 24, unataka mkimbizi anayeishi nchini kihalali atendewe kama raia katika masuala ya ajira na hifadhi ya jamii, ukiwamo uzee, ingawa unaruhusu masharti tofauti kwa mafao yanayolipwa yote kutoka hazina ya serikali, na baadhi ya nchi ziliweka vizuizi zilipojiunga na mkataba huo. Ibara ya 25 inaitaka nchi mwenyeji imsaidie mkimbizi kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata kwa serikali yake, na Ibara ya 28 inahusu hati ya kusafiria. Msomaji hahitaji kuwa mwanasheria ili kuzitaja ibara hizo katika barua. Barua inayozitaja husomwa kwa makini zaidi.

Mambo matatu yafuatiliwe, kila moja likiwa na jalada lake.

Jalada la kwanza ni la michango ya pensheni katika nchi mwenyeji. Msomi aliyefundisha Tanzania, Kenya au Uganda, hata kwa mkataba wa miaka michache tu, huenda alikatwa michango ambayo hajawahi kuidai, na majina ya mifuko yamebadilika kiasi cha kumpotosha. Nchini Tanzania, kwa mfano, uliokuwa NPF, mfuko wa akiba ulioanzishwa mwaka 1964, uligeuka kuwa NSSF kwa sheria ya 1997, na PPF, uliokuwa mfuko wa mashirika ya umma, uliunganishwa na mifuko mingine ya PSPF, LAPF na GEPF mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Mzee anayekumbuka kwamba alikatwa «PPF» asiambiwe kwamba mfuko huo haupo tena. Aelekezwe PSSSF akiwa na nakala ya mkataba wa ajira, hati za mishahara au hata barua ya mwajiri inayothibitisha miaka ya utumishi. Chuo alikofundisha kinaweza kuandika barua hiyo kutoka masijala yake, na kamati ikaiombe kwa maandishi, ikitaja mwaka, idara na namba ya ajira kama ipo.

Jalada la pili ni la pensheni ya nchi aliyoikimbia. Tawala hubadilika, na haki iliyokataliwa mwaka 1975 inaweza kukubaliwa leo. Ujerumani Magharibi ililipa wahadhiri wengi waliofukuzwa na Manazi baada ya kutunga sheria za fidia katika miaka ya 1950, na barua za kuajiriwa na kufukuzwa ndizo husaidia kuthibitisha dai la namna hiyo. Hapa lakini pana hatari, na kisanduku kifuatacho kisomwe mpaka mwisho.

KISANDUKU: ONYO KUHUSU UBALOZI
Usimpeleke mzee kwenye ubalozi wa nchi aliyoikimbia, wala usimwombee pasipoti yake, kabla hajaonana na mwanasheria wa wakimbizi. Chini ya Ibara ya 1C ya Mkataba wa 1951, mtu anayejiweka tena kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi, na kuchukua pasipoti kunaweza kutafsiriwa hivyo. Mifuko mingi ya pensheni hudai cheti cha uhai, yaani uthibitisho wa kila mwaka kwamba mpokeaji yu hai, na hupendelea kigongwe mhuri na ubalozi. Uliza kwanza kama mfuko utakubali mhuri wa wakili, mahakama au ofisi ya wakimbizi ya nchi mwenyeji. Ushauri wa bure hupatikana, miongoni mwa wengine, kwa Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria jijini Nairobi, Refugee Law Project jijini Kampala na Dignity Kwanza nchini Tanzania.

Jalada la tatu ni la hadhi ya kisheria yenyewe. Katika nchi zenye utaratibu wa makambi, mkimbizi anayeishi mjini huhitaji kibali, na kamati inayompangia nyumba mtu asiye na kibali inaweza kumfikisha polisi badala ya kumsaidia. Iulizwe pia kama mzee ana njia ya kupata uraia. Mwaka 2014 Tanzania ilitoa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa kundi la Warundi wa 1972, wengi wao wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na aliyepata uraia huo anaingia katika haki ambazo mkimbizi hana. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, Inua Jamii ya Kenya na mpango wa SAGE wa Uganda kwa waliotimiza miaka 80 zote zina masharti yake ya utambulisho, hivyo kamati iulize kwa maandishi kama mzee anastahili, isiridhike na jibu la mdomo la mtu wa mapokezi.

Msomaji atasikia pia kuhusu mashirika ya kimataifa: Cara, Scholars at Risk iliyoanzia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2000, Scholar Rescue Fund ya mwaka 2002, na kwa waandishi mtandao wa miji ya hifadhi wa ICORN wenye makao Stavanger. Yote yanastahili kuandikiwa. Lakini kazi yao hasa ni kumtafutia aliye hatarini nafasi ya muda, kwa kawaida ya mwaka mmoja au miwili, katika chuo au mji mwenyeji, si kumtunza mtu mpaka mwisho wa maisha yake, kwa hiyo kamati isisimamishe kazi yake ikisubiri jibu.

Hatua ya nne: mfuko unaodumu

Baraza la Beveridge lilipoanza, walimu wa London School of Economics walikubali kukatwa sehemu ya mishahara yao, na fedha hizo ndogo zilizokuja kila mwezi ndizo zilizomwezesha msomi kupanga chumba na kununua koti la baridi. Kanuni hiyo inafaa hata leo, na inafanana na chama cha kuweka na kukopa ambacho msomaji amekizoea.

1. Watafutwe wachangiaji 15 hadi 30 walio tayari kutoa kiasi kidogo kila mwezi kwa angalau miaka miwili. Wanafunzi wa zamani wa mzee, popote walipo, ndio wa kutafutwa kwanza.
2. Kikundi kisajiliwe. Nchini Tanzania kazi ianzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Nchini Kenya kuna sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022. Njia rahisi zaidi ni kuwa chini ya mwavuli wa taasisi iliyokwisha kusajiliwa, kama parokia au jumuiya ya wahitimu, mradi hesabu zitenganishwe.
3. Zifunguliwe akaunti ya benki na lipa namba kwa jina la kikundi, zenye watia saini watatu. Fedha zisipitie kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani.
4. Kabla ya kumlipa mzee chochote, iwekwe akiba ya miezi sita. Posho inayoanza na kukatika ni mbaya kuliko kutoanza, kwa sababu mzee atakuwa ameshahamia nyumba asiyoweza kuilipia.
5. Posho ifike tarehe ileile kila mwezi, kwenye laini ya simu au akaunti iliyo kwa jina la mzee mwenyewe. Wakimbizi wengi hutumia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na mwenye kitambulisho akifa au akihama, fedha hukwama. Jambo hili lirekebishwe mapema.
6. Mweka hazina atoe taarifa kila robo mwaka kwa wachangiaji, akitumia namba ya jalada badala ya jina la mzee.

Inafaa fedha hizo ziitwe posho ya utafiti au ya uandishi, na ziambatane na kazi halisi kadiri afya inavyoruhusu: kutafsiri makala, kusoma miswada ya vijana, kurekodi historia ya idara aliyofundishia. Baraza la 1933 lilitoa fedha zake kwa msingi huohuo, na mtu aliyezoea kulipwa kwa kazi yake hupokea posho ya namna hiyo bila kuinamisha kichwa. Hata hivyo, kazi isigeuzwe sharti. Akiugua, posho iendelee.

Makosa yanayojirudia katika uchangishaji ni haya:

– Kusambaza picha na kisa cha mzee kwenye makundi ya WhatsApp. Serikali zinazotesa hufuatilia wakosoaji wao hata nje ya mipaka, na jamaa waliobaki nyumbani ndio hulipa.
– Kumwalika mzee asimulie mateso yake kwenye kila hafla ya kuchangisha.
– Kumfanya mjumbe mmoja kuwa ndiye pekee anayejua dawa, namba na nyaraka. Akihama, kila kitu hupotea.
– Kuwasahau mke au mume na watoto wanaomtunza, ambao mara nyingi waliacha masomo au kazi kwa ajili yake.

Hatua ya tano: wenzake na kazi yake

Upweke wa msomi aliye ugenini una sura yake: anaweza kuzungukwa na majirani wema na bado akakosa mtu hata mmoja wa kubishana naye kuhusu jambo alilolisomea miaka 40. Tiba yake haina gharama kubwa. Chuo kilicho karibu kiombwe kadi ya maktaba na cheo cha mtafiti mgeni kisicho na mshahara. Idara imwalike kwenye semina, ikimtumia nauli kabla, si baada. Mwanafunzi mmoja wa uzamili apangiwe kukaa naye saa mbili kila wiki, amsomee na aandike anachoamuru. Esther Simpson, aliyeanza kazi katika ofisi ya baraza la Beveridge mwaka 1933, aliendelea kwa miongo mingi kuandikiana barua na wasomi aliowasaidia na kufuatilia maisha yao muda mrefu baada ya kupata kazi. Nako New York, chama cha Selfhelp kilianzishwa mwaka 1936 na wakimbizi wenyewe kutoka Ujerumani, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa mwanatheolojia Paul Tillich, ili kuwasaidia waliofika karibuni. Miaka ilivyopita, wale waliosaidiwa wakazeeka, na huduma kwa wazee ikawa ndiyo kazi yake kuu. Kamati inayoanza leo na mzee mmoja ijue tangu mwanzo kwamba itakaa naye.

Hatua ya sita: karatasi zake

Msomi mkimbizi aghalabu ana sanduku, begi au mfuko wa rambo wenye vitu ambavyo havipo kwingine duniani: mswada uliokataliwa na serikali, daftari za utafiti wa lugha au mila, barua, orodha za wanafunzi waliouawa. Mara nyingi viko chini ya kitanda, mahali ambapo mchwa na unyevu hufika kabla ya mtu. Kazi ya kuviokoa inaweza kufanywa na vijana wawili kwa simu ya kawaida, ilimradi wafuate utaratibu huu:

1. Yaandikwe makubaliano mafupi, yakisema wazi kwamba karatasi zinabaki mali ya mzee na hazitoki nyumbani kwake bila saini yake.
2. Kabla ya kugusa chochote, ipigwe picha ya sanduku lilivyo, kwa sababu mpangilio wenyewe una maana kwa aliyeupanga.
3. Ziondolewe pini na klipu zilizoota kutu, taratibu, kwa kisu butu. Karatasi iliyochanika isibandikwe selotepu wala kupigwa leminesheni, maana gundi na plastiki huiharibu kwa namna isiyorekebika.
4. Kila ukurasa upigwe picha kwa mwanga wa dirishani, bila flashi, simu ikiwa imetulizwa juu ya rafu au vitabu vilivyopangwa. Majina ya faili yawe na namba ya sanduku, ya bahasha na ya ukurasa.
5. Mzee aombwe aeleze kila bahasha kwa sauti, na sauti irekodiwe. Maelezo hayo ya dakika mbili huwa na thamani kuliko orodha yoyote.
6. Nakala ziwekwe kwenye diski mbili zinazotunzwa katika nyumba mbili tofauti. Karatasi zenye majina ya watu walio hai katika nchi ya mateso zisipandishwe kwenye intaneti.
7. Karatasi halisi zirudishwe kwenye sanduku gumu lenye kifuniko, liinuliwe kutoka sakafuni na kuwekwa mbali kidogo na ukuta.

Kama mzee anataka karatasi ziende maktaba ya chuo, aandike masharti: nani azisome, lini zifunguliwe, na je, zitarudishwa nchini kwao hali ikitengemaa. Maktaba yenye heshima huyakubali masharti hayo, na isiyoyakubali isipewe.

Hatua ya saba: wasia, maziko na kufunga hesabu

Mambo haya yazungumzwe mzee akiwa na afya na akili timamu, na yeye ndiye aamue saa ya kuyazungumza. Vinahitajika vitu vitatu kwa maandishi. Cha kwanza ni hati ya uwakilishi, yaani maandishi yaliyothibitishwa na wakili yanayompa mtu aliyemchagua mamlaka ya kushughulikia fedha na nyaraka zake. Iulizwe kwa wakili kama hati hiyo itaendelea kuwa na nguvu endapo mzee atapoteza uwezo wa kuamua, kwa kuwa sheria hutofautiana. Cha pili ni wasia, ambao usisahau haki za maandishi: nchini Tanzania, Kenya na Uganda hakimiliki ya kitabu huendelea kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, kwa hiyo mrabaha wa kitabu cha kiada kilichosahaulika unaweza kuwa riziki ya mjane. Cha tatu ni maelekezo ya maziko, yakitaja dini, mahali, na watu wa kupigiwa simu katika nchi alikotoka, pamoja na wasiopaswa kupigiwa.

Gharama za maziko zitengwe katika mfuko mapema, kama fungu lisiloguswa. Kusafirisha mwili kuvuka mpaka kunahitaji vibali vya nchi zote mbili, na kama nchi aliyoikimbia bado haina usalama kwa familia yake, kamati isitoe ahadi ya kumrudisha nyumbani, hata wajumbe wakisukumwa na huruma msibani.

Baada ya kifo, kamati imalize kazi hizi ndani ya siku 90: kuijulisha mifuko ya pensheni na kudai mafao ya wategemezi, kukabidhi karatasi kwa mujibu wa wasia, kufuta picha na majalada yenye habari za siri, na kuwaandikia wachangiaji hesabu ya mwisho. Posho ya mjane au mgane iendelee kwa miezi sita angalau bila kuhitaji ombi jipya. Fedha zinazobaki ziamuliwe na wachangiaji katika kikao chenye muhtasari wa maandishi, na kabla ya kikao hicho katibu awe ameuliza katika ofisi ya wakimbizi, vyuoni na kwenye nyumba za ibada za wilaya kama yupo msomi mwingine wa kuhamishiwa posho hiyo.